Nilisema nimeridhika

Kama mlisikiliza kipindi chetu cha mwezi wa tatu, kuna mahali naulizwa kuhusu upasuaji wangu wa uso, nami najibu chapuchapu: "Nimeridhika mia kwa mia." Tukacheka, tukarudi kwenye ubishi wa pilau. Tangu hapo wameniandikia wasichana watatu, mmoja ana miaka 19, wakitaka kujua nilifanyiwa wapi na nililipa ngapi. Kila nikianza kuwajibu nasita, kwa sababu nilidanganya, jamani. Siku ile nilirekodi nikiwa na kofia kichwani, ndani ya nyumba, hita imewaka, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Basi tuanze na nyanya. Nyanya za mchuzi, yule nyanya mwingine anakuja baadaye.

Ilikuwa Jumamosi, miezi kumi na minne baada ya upasuaji. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la mboga hapa Kings Heath, High Street. Muuzaji ni mzee wa Birmingham wa damu, na kama mmeishi huku mnajua neno lao la upendo: "bab". Mama wa mbele yangu aliitwa bab. Msichana mwenye kigari cha mtoto akaitwa bab. Nikafika mimi, na gauni langu, hereni, rangi ya mdomo. Akanipa chenji yangu na kuniita "mate".

Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa na ubaya ningemjibu. Alinitazama kama anavyotazama kila mtu, nusu sekunde, macho yake yakaamua. Nilitembea hadi uwanja wa mbele ya kanisa la All Saints, nikakaa kwenye benchi, nikafungua kamera ya simu na kuanza kuukagua uso wangu kama askari wa uwanja wa ndege. Ni taya? Ni mstari wa nywele? Sauti sikuwa hata nimeitoa. Pauni 21,000, akiba ya miaka sita, na bado "mate".

Kwa wasiojua: huu si upasuaji mmoja, ni kadhaa kwa pamoja. Ulianza kupata sura yake San Francisco mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa daktari aitwaye Douglas Ousterhout, aliyekuwa akitengeneza mafuvu ya watu waliozaliwa na kasoro au walioumia ajalini. Alikaa akapima mafuvu ya wanaume na ya wanawake kujua tofauti iko wapi hasa. Kwenye paji, ngozi hufunguliwa juu, sikio hadi sikio, mfupa ulio mbele ya uwazi wa hewa hukatwa, ukarudishwa nyuma na kushikizwa kwa vibati vidogo vya titani. Taya na kidevu huchongwa kwa kupitia ndani ya mdomo. Pua nayo ina mambo yake. NHS hailipii upasuaji wa uso katika huduma zake za jinsia, kwa hiyo ukitaka ni mfuko wako, na wengi wetu tunapanda ndege. Mimi nilikwenda Uhispania. Saa tisa mezani. Kliniki siitaji, na mkiniuliza faraghani pia siitaji.

Niseme kwa haki: paji langu ni zuri. Nikivuta nywele nyuma nikajitazama kwa upande, naona mtu niliyekuwa nikimtafuta tangu nina miaka kumi na miwili. Lakini taya la kushoto lina kingazi. Ukipitisha kidole unakisikia, mfupa unashuka ghafla kama ngazi ya mwisho uliyodhani haipo. Kovu la kichwani limepanuka na kuwa jeusi, na nywele za ukingoni mwake hazikurudi zote. Utosini nina ganzi. Na pua.

Kuhusu kovu sina wa kumlaumu, mimi ni mfamasia wa hospitali. Ni mimi ninayewaambia watu kwamba ngozi yetu hushika weusi mahali ilipoumia, na makovu yake huwa mepesi kuvimba. Nawauzia jeli ya silikoni na kuwahubiria subira. Mwenyewe nilipaka jeli ile kama mtu anayelipa deni, asubuhi na usiku, miezi minane.

Pua ilikuwa ya nyanya yangu, mzaa mama. Ndiyo huyo sasa. Nina picha yake moja, Mombasa, mlangoni kwake, leso mbili, na ile pua imekaa katikati ya uso kama mwenye nyumba. Mama anayo. Mimi nilikuwa nayo. Daktari alinieleza kwamba paji likirudi nyuma, pua huonekana kubwa zaidi, hivyo ni vyema ipunguzwe ziende sambamba. Kitaalamu hakukosea. Alinionyesha picha kwenye kompyuta, nami nilikuwa na furaha ya kuona lile paji kiasi kwamba chini yake sikutazama vizuri. Picha za wagonjwa wake ukutani zilikuwa nzuri, na hakuna hata mmoja aliyefanana na watu wa kwetu. Niliziona. Sikuuliza. Nikatia sahihi.

Baada ya hapo nikaishi kwa uvimbe. Wote waliopitia haya watanielewa. Daktari anakuambia, na ni kweli, kwamba uvimbe mwingi hupungua wiki za mwanzo lakini uliobaki unaweza kuchukua mwaka mzima. Kwa hiyo kila kisichokupendeza unakiita uvimbe. Mwezi wa tatu, kingazi ni uvimbe. Mwezi wa saba, bado ni uvimbe, wa kushoto umekawia tu. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nikijipiga picha tatu kila siku, dirisha lilelile, mwanga uleule, nikizilinganisha kitandani hadi usiku wa manane. Halafu mwaka ukaisha. Hakukuwa tena na uvimbe wa kusingizia, huo ndio ukawa uso wangu.

Kwa nini sikusema? Hapa lazima nimlete Mama.

Mama yangu ni mtu wa Mombasa, amekuwa nesi Birmingham miaka 26. Nilipomwambia mimi ni nani hakupiga kelele. Alinyamaza, miezi. Kiswahili kilituokoa kwa sehemu fulani, si unajua hakina mambo ya "he" na "she". Kwenye simu na dada zake aliendelea kusema "mwanangu", "amefika", "hajala", na hakuna aliyelazimika kukosea. Siku moja akaniuliza kama namjua Audrey Mbugua, yule Mkenya ambaye mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani libadili jina kwenye cheti chake cha shule. Nikasema ndiyo. Akasema, "Kumbe wako na kwetu," akaendelea kukuna nazi. Kutoka hapo mambo yakaanza kulegea.

Na mwaka ule wa upasuaji, zamu yake ya chama ilipofika, aliileta yote kwangu ndani ya bahasha: pauni 3,000. Wanawake kumi na wawili, pauni 250 kila mwezi, na yeye alikuwa ameshapanga kubadilisha jiko. Mjomba wangu wa Leicester alipojua alimwambia anafadhili uharibifu wa kazi ya Mungu. Mama akamkatia simu.

Sasa niambieni. Kila Jumapili nafika kwake, ananitazama, anauliza, "Waonaje sasa? Roho imetulia?" Ningejibuje? Lile jiko bovu liko pale nyuma yake, moto unawaka upande mmoja. Nilisema nimetulia. Nikasema Jumapili moja, ikawa sitini.

Na kuna kingine, kizito zaidi. Wote waliokuwa wakipinga walikuwa wamekaa wakingoja sentensi moja tu kutoka kwangu. Ningesema "taya langu silipendi," mjomba angesikia "najuta kuwa mwanamke." Sijuti. Sijawahi kujuta, hata pale kwenye benchi la All Saints. Mtu aliyejenga nyumba na fundi akapindisha ukuta mmoja, hakuna anayemwambia arudi kulala barabarani. Lakini sisi wengine tunatakiwa tufurahi kikamilifu au tuombe radhi kwa kuwepo. Na hata wenzetu, niwe mkweli, wana namna hiyo. Nilimgusia rafiki mmoja wa transi, akanijibu, "Angalau wewe ulipata." Alikuwa na haki. Yeye hata pauni mia tano hana. Nikafunga mdomo tena.

Baada ya siku ya "mate" nilifanya mambo machache, na mengine yalikuwa ya kijinga. Nilifunika kioo cha bafuni kwa leso, wiki tatu nzima, nikawa napiga mswaki nikitazama maua. Nilifuta picha zote za dirishani, mia tisa na kitu. Nilimtafuta mshauri nasaha, wa kulipia, na swali lake la kwanza lilikuwa la maana: ni siku ngapi wiki hii uso wako umekuzuia kutoka? Nilidhani ni mbili. Tulipohesabu zilikuwa tano. Nilikuwa nimeacha hata kupanda basi namba 50 kwenda mjini, nalipa teksi, ili nisikae nikiangaliwa.

Halafu nikaenda kwa daktari mwingine wa upasuaji, hapahapa Uingereza, ambaye hakuwa na pesa yangu yoyote ya kutetea. Alitazama skani ya mifupa akaniambia bila kupamba. Kingazi kipo, si mawazo yako, kina milimita tatu hivi na kinaweza kusawazishwa. Kovu linaweza kupunguzwa na nywele kupandikizwa. Ganzi, inayobaki sasa huenda ikabaki. Pua ni kazi ngumu, kwa sababu kupunguza ni rahisi kuliko kurudisha, ingebidi gegedu itolewe sikioni au ubavuni, na bado haitakuwa ile ya zamani. Nikamuuliza kama baada ya hayo nitaacha kuitwa bwana madukani. Akasema hilo yeye hawezi kuahidi, na yeyote atakayekuahidi, ondoka. Hamjui nilivyopumua. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye ujuzi kuniambia kwamba ninachokiona kipo, na kwamba kina mipaka.

Kliniki ya kwanza imekubali kurekebisha taya bila ada ya daktari, ila chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi na ndege ni juu yangu. Wewe wa miaka 19, hilo liulize kabla ya kulipa, na ujibiwe kwa maandishi. Omba pia picha za watu wa rangi yako, zilizopigwa mwaka baada ya upasuaji, si wiki ya sita. Na ikiwa uso wako una kitu cha mtu wa kwenu, kitaje kwa sauti, kwa sababu daktari hawezi kukijua.

Nilimwambia Mama mwezi uliopita. Alikuwa anachagua mchele.

"Mama, ile pesa yako ya chama."

"Ina nini?"

"Naona kama niliiharibu."

Mikono yake ikasimama. Nikamweleza yote, taya, kovu, mzee wa mboga. Nilipofika kwenye pua sauti ikanikatika. Akaningoja nimalize, kisha akasema, "Kwani wadhani sikuona? Waja hapa na kofia mwaka mzima. Mimi ni nesi, mwanangu. Nilikuwa nangoja useme."

"Na pua ya nyanya?"

"Hiyo niliilia," akasema. "Usiku mmoja. Ulipotumiwa nyumbani na yale mabandeji, nikaona haipo." Hakunifichia, na sikutaka anifichie. "Lakini pesa nilikupa kwa sababu ungekwenda tu, na sikutaka uende na deni la benki. Wala si ya kurudisha, usianze."

Akasukuma sinia la mchele kando, akavuta kigoda, akaniambia nikae chini mbele yake nivue hiyo kofia. Alitaka kuona kama nywele zaweza kusukwa kuja mbele zifunike lile kovu. Kitana kikapita polepole. Kila baada ya kidogo anagusa kwa ncha ya kidole, kinesi kabisa.

"Hapa wasikia?"

"Sisikii."

"Hapa je?"

"Bado."

Akasogea nyuma kidogo, karibu na kisogo. "Na hapa?"

"Hapo nasikia," nikasema. "Usikaze sana."