Sauti Iliyorudi Ikiwa Imezeeka

Filamu ya The Ballad of Shirley Collins nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, usiku, baada ya kazi. Mara ya pili nilikuwa na mama. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Tuanze na filamu yenyewe. Ilitoka mwaka 2017, waongozaji wakiwa Rob Curry na Tim Plester. Shirley Collins alizaliwa mwaka 1935 kusini mwa Uingereza, akajifunza nyimbo za kale kwa wakubwa wa nyumbani kwao. Yeye na dada yake Dolly walitoa santuri ya Anthems in Eden mwaka 1969. Uimbaji wake hauna mapambo. Anaimba kama mtu anayekusimulia jambo lililotokea mtaa wa pili.

Halafu ikanyamaza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndoa yake ilivunjika, na sauti nayo ikaanza kumkimbia. Anapanda jukwaani, anafungua mdomo, haitoki. Mwishowe akaacha. Ilipita zaidi ya miaka 30 kabla hajaimba tena mbele ya watu, jijini London, mwaka 2014. Mwaka 2016 ikatoka albamu ya Lodestar, iliyorekodiwa nyumbani kwake Lewes.

Ingekuwa rahisi kuigeuza hii kuwa hadithi ya ushindi. Lakini sauti iliyorudi si ile iliyoondoka. Imeshuka, imekwaruzika, na filamu haifichi hilo.

Kuna jambo lingine filamu inalikumbusha. Mwaka 1959 Shirley, binti wa miaka ishirini na kitu, alizunguka kusini mwa Marekani na mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax, wakiwa na mashine ya kurekodia. Huko Mississippi walimrekodi Fred McDowell, mkulima ambaye hajawahi kurekodiwa kabla ya hapo. Walirekodi wazee pia, sauti zimechakaa kwa jua na miaka. Hakuna aliyewaambia wangoje mpaka ujana urudi. Sasa yule binti wa mashine ndiye bibi anayerekodiwa. Nadhani aliowasikiliza zamani ndio waliompa ruhusa, ingawa ilimchukua nusu karne kuipokea.

Sasa mama. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Baba alipoondoka nilikuwa darasa la tano. Sare ya kwaya ilikunjwa, ikaingia sandukuni, na hatukuizungumzia tena. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Nimewawekea kinasa sauti mawaziri na wauza samaki, lakini mama sikuwahi kumuuliza. Nilijiambia namheshimu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa jibu.

Basi Jumapili moja nikamwekea filamu, nikawa namtafsiria. Hakusema kitu. Nikadhani anasinzia. Shirley alipoanza kuimba kwa sauti yake ya uzeeni, mama akajisogeza mbele.

“Kumbe na yeye imeshuka,” akasema.

“Nini, mama?”

“Sauti. Mimi siku hizi sifiki tena ile ya kwanza. Naishia ya pili.”

Ilinichukua muda kuelewa nilichosikia. Mtu aliyeacha kuimba hajui sauti yake inaishia wapi. Nikamuuliza amejuaje.

“Huwa najaribu,” akasema, macho bado kwenye skrini. “Nikiwa nafua. Nyie mkiwa mmetoka.”

Miaka yote hiyo nilidhani nyumba yetu ilikuwa kimya. Kumbe ilikuwa inasubiri tufunge mlango.

Simu yangu ilikuwa mezani, na ina kinasa sauti kizuri tu. Sikuigusa. Nilisimamisha filamu, nikamuuliza huwa anajaribu wimbo gani.