BISTARI, BISTARI: SAFARI YA MIGUU KATIKA NCHI YA WASHERPA

Mlima mrefu kuliko yote katika Afrika ni Kilimanjaro. Kilele chake cha Uhuru kina meta 5,895 kutoka usawa wa bahari. Lakini iko nchi huko Asia ambako milima inaupita mlima wetu kwa mbali. Nchi hiyo ni Nepal. Imepakana na India na China. Upande wake wa kaskazini kuna milima ya Himalaya. Mlima Everest, ambao ni mrefu kuliko yote duniani, uko mpakani hapo. Una meta 8,849.

Chini ya Everest kuna sehemu inayoitwa Khumbu. Huko ndiko kwao Washerpa. Kila mwaka wageni wengi huenda Khumbu. Wengi wao hawapandi vilele. Wanatembea tu kwa miguu katika mabonde na kuvuka milima. Safari moja inayojulikana sana ni ile ya kuvuka mapito matatu. Pito ni mahali palipoinama kati ya vilele viwili, ambapo mtu anaweza kuvuka kutoka bonde moja hadi jingine. Kwa lugha ya Washerpa, pito huitwa "la".

Leo tutaifuata safari hiyo. Tutaona pia kwa nini kiongozi wa safari huwaambia watu wake neno moja kila siku: "Bistari, bistari." Hilo ni neno la Kinepali. Maana yake ni "polepole".

WASHERPA NI WATU GANI?

Watu wengi hudhani kwamba Sherpa ni jina la kazi ya kubeba mizigo. Sivyo. Sherpa ni kabila. Maana ya jina hilo ni "watu wa mashariki". Wazee wao walitoka Tibet yapata miaka 500 iliyopita. Wanafuata dini ya Kibudha.

Washerpa ni wakulima na wafugaji kama sisi. Wanalima viazi na shayiri katika mashamba madogo yaliyozungushiwa kuta za mawe. Wanafuga yaki, yaani ng'ombe mwenye manyoya marefu anayestahimili baridi kali. Sehemu za juu hakuna miti. Kwa hiyo samadi ya yaki hukaushwa juani, na watu huitumia kama kuni. Zamani walipeleka nafaka Tibet na kurudi na chumvi.

Watoto wengi hupewa majina ya siku waliyozaliwa. Aliyezaliwa Jumatatu huitwa Dawa. Aliyezaliwa Jumatano huitwa Lhakpa. Wa Ijumaa huitwa Pasang, kama vile kwetu mtoto wa Ijumaa anavyoitwa Juma.

SAFARI INAANZA

Safari huanzia Lukla. Hapo pana kiwanja kidogo cha ndege kilichojengwa mwaka 1964, kwenye meta 2,800 hivi. Kutoka hapo hakuna barabara ya magari ya kuendelea mbele. Watu hutembea, na mizigo hubebwa na wanyama au mgongoni mwa watu. Njia inafuata mto na kuvuka madaraja marefu ya kamba za chuma.

Siku ya pili au ya tatu msafiri anafika Namche, kwenye meta 3,440. Huu ni mji mdogo wenye maduka na soko la Jumamosi. Mgeni mwenye nguvu hutaka kuendelea mbele kesho yake. Kiongozi humkatalia. Hapo watu hulala usiku mbili au zaidi. Mchana wanapanda hadi kijiji cha Khumjung, kwenye meta 3,790, ambako pana shule iliyojengwa mwaka 1961. Jioni wanarudi kulala Namche. Viongozi wana kanuni yao: panda juu, lakini lala chini.

HEWA NYEPESI

Kwa nini wanafanya hivyo? Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Kwenye meta 5,500, pumzi moja humpa mtu nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa inayotuweka hai.

Mwili unaweza kuizoea hali hiyo, lakini unahitaji siku kadhaa. Kwa hiyo, mtu akishapita meta 3,000, asipandishe mahali pake pa kulala zaidi ya meta 500 kwa siku. Tena, kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja.

Asiyefuata kanuni hiyo anaweza kuugua. Kwanza kichwa kinauma, hamu ya chakula inapotea, na anatapika. Dalili za hatari ni hizi: anapepesuka kama mlevi, anasema maneno yasiyoeleweka, au anakosa pumzi hata akiwa amekaa. Dawa kubwa ya ugonjwa huu ni kushuka chini mara moja, hata kama ni usiku. Akiachwa pale pale anaweza kufa kwa muda wa saa chache.

Ugonjwa huu haujali ujana wala nguvu. Mara nyingi vijana wenye nguvu ndio wanaougua, kwa sababu wao ndio wanaokimbilia mbele. Washerpa wana nafuu. Wameishi juu kwa vizazi vingi, na miili yao inaitumia vizuri hewa hiyo kidogo.

MAPITO MATATU

Baada ya siku tisa au kumi hivi msafiri yuko tayari kwa pito la kwanza. Hilo ni Kongma La, lenye meta 5,535. Njia ni ya mawe matupu. Juu kabisa kuna vitambaa vya rangi tano vilivyoandikwa sala, vinapepea kwenye upepo. Upande wa pili msafiri anashuka na kuuvuka mto wa barafu wa Khumbu. Mto huu hauna maji yanayokimbia. Ni barafu nene iliyofunikwa na mawe, nayo inasogea polepole sana.

Pito la pili ni Cho La, lenye meta 5,420. Watu huondoka kabla ya mapambazuko. Wakati huo mawe ya mlimani bado yameshikwa na baridi. Jua likiyapata, barafu inayeyuka na mawe huanza kuporomoka. Karibu na kileleni watu hutembea juu ya barafu, na wengi hufunga meno ya chuma chini ya viatu ili wasiteleze. Theluji ikiwa nyingi, kiongozi husema, "Leo hatuvuki." Mgeni amelipa fedha nyingi na amesafiri kutoka mbali. Huenda akanuna. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kisha kuna maziwa ya Gokyo, yenye maji ya kijani na buluu. Pito la tatu ni Renjo La, lenye meta 5,360. Ukisimama hapo asubuhi isiyo na mawingu, unauona Everest.

Kutoka hapo njia inashuka hadi kijiji cha Thame. Hapo alikulia Tenzing Norgay, ambaye tarehe 29 Mei 1953 alifika kilele cha Everest pamoja na Edmund Hillary. Walikuwa watu wa kwanza kufika huko. Mwezi wa Agosti mwaka 2024 maziwa ya barafu yaliyo juu ya Thame yalipasuka. Mafuriko yalibomoa nyumba, shule na zahanati. Hakuna aliyekufa, lakini watu wengi walikosa makao.

NANI AMEBEBA MZIGO?

Siku hizi Washerpa wengi ni viongozi wa safari au wana nyumba za wageni. Wapagazi wengi ni vijana wa makabila mengine, kama Warai na Watamang, wanaotoka mabonde ya chini. Hubeba mizigo kwa kapu lenye ukanda unaopita juu ya utosi. Wanaopeleka bidhaa madukani hubeba mizigo inayokaribia uzito wa miili yao, na wengine huzidisha.

Kijana wa mabondeni hana nafuu ile ya Msherpa. Hewa nyepesi inamdhuru kama inavyomdhuru mgeni. Tofauti ni kwamba mgeni ana koti nene na bima. Mpagazi akiumwa kichwa hunyamaza, maana anaogopa kupoteza ujira. Wamewahi kutokea wapagazi waliougua, wakalipwa na kuambiwa washuke peke yao. Baadhi yao walifia njiani.

Jambo hilo limewaamsha watu. Huko Machhermo, chini kidogo ya Gokyo, ilijengwa nyumba ya kuwalaza wapagazi ili wasilale nje au mapangoni. Kiongozi mwema sasa huwauliza wapagazi wake kila jioni: Umekula? Kichwa kinauma? Una blanketi? Mpagazi akiugua, hashuki peke yake. Mtu anayeijua lugha yake humsindikiza hadi kwa mganga.

FUNZO KWETU

Ndugu msomaji, huenda hutafika Nepal. Lakini vijana wetu wengi wanafanya kazi hiyo hiyo katika Kilimanjaro na Meru. Wao pia huwaambia wageni, "Polepole." Kambi ya Kibo iko juu ya meta 4,700, na hewa ya hapo ni nyepesi kama ile ya Khumbu.

Kwa hiyo, kama una ndugu anayebeba mizigo mlimani, mweleze mambo haya. Kichwa kikiuma, asifiche. Akianza kupepesuka, asipande hata hatua moja zaidi, na asishuke peke yake. Ujira wa siku moja unaweza kupatikana tena. Mwenda pole hajikwai, na nyumbani wanamngoja arudi.