Hoja Moja Tu

Mjomba alipodaiwa bei ya saruji, wakili wa mdai aliomba hukumu ya papo hapo, mashahidi wasiitwe. Hati zilikuwa za Kiingereza; nikawa mkalimani. Naam, sheria ya Kenya haimtaki mdaiwa athibitishe kuwa atashinda. Akionyesha hoja moja tu ya kweli inayostahili kusikilizwa, hata ikiwa yaweza kushindwa baadaye, huruhusiwa kujitetea. Hoja hiyo mimi, mwanafasihi mjuaji, niliitafsiri "swali".

"Swali sina, mpwa wangu," akasema. "Nina jibu: mifuko ililetwa imelowa."

Nusura jibu hilo liachwe nje ya kiapo chake. Liliingia usiku wa mwisho, na hakimu akaamuru kesi isikilizwe.