Daftari la Padri wa Morebath

Mimi ni katekista, na katika kazi zangu kuna moja nisiyoipenda: kushika daftari la mali ya kanisa. Mabenchi mangapi, mishumaa mingapi, nani ametoa kuku na nani hajatoa. Mwaka jana watu waliniuliza mbele ya wote: pesa za mabati zimekwenda wapi? Zilikuwapo zote, lakini sikuwa nimeziandika sawasawa, nikaona haya sana. Siku zile Padri mmoja aliyesoma Ulaya akaniazima kitabu juu ya kijiji kimoja cha Uingereza, akaniambia: «Soma, utamwona mwenzako.»

Kijiji kile kinaitwa Morebath, katika nchi ya Devon. Zamani, karibu na mwaka 1520, kilikuwa na jamaa 33 tu za wakulima na wachunga kondoo. Padri wao, Christopher Trychay, alifika mwaka 1520 akakaa nao mpaka alipokufa mwaka 1574: ndiyo miaka 54! Yeye mwenyewe aliandika hesabu za parokia kwa mkono wake, kisha aliwasomea watu kwa sauti. Daftari lake latuonyesha kanisa la zamani kuliko mawe yenyewe, maana jengo liligeuzwa sana katika karne ya 19.

Basi, ingieni pamoja nami. Makanisa ya Uingereza ya wakati ule yalifanana sana. Mara nyingi mlango ulikuwa na kibaraza, na ndoa zilianzia pale nje; kisha bwana na bibi arusi waliingia ndani kwa Misa. Karibu na mlango, chombo kikubwa cha jiwe kwa ubatizo, chenye kifuniko na kufuli. Kwa nini kufuli? Ili watu wasiibe maji yaliyobarikiwa wakayatumia kwa uchawi. (Nilicheka peke yangu. Nilidhani mambo hayo ni ya kwetu tu.)

Kanisa lenyewe lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu kubwa ilikuwa ya watu, nao ndio waliopaswa kuitengeneza. Sehemu ya altare ilikuwa juu ya Padri. Katikati ulisimama ukuta mwembamba wa mbao zilizochongwa, wenye nafasi za wazi, watu wapate kuona Hostia ikiinuliwa. Juu ya ukuta ule, Msalaba mkubwa wenye sura ya Yesu, na Maria na Yoane kando yake. Wala msitafute tabernakulo kama ya kwetu: katika makanisa mengi Sakramenti ilining'inizwa juu ya altare, ndani ya chombo kidogo chenye kufunikwa kitambaa.

Lakini mimi nilikawia kwenye sanamu. Kanisa lilikuwa la Mtakatifu George, na Padri Trychay alipofika aliongeza sanamu ya Sidwell, bikira mfiadini wa mji wa Exeter. Watu walimpenda mno, hata akawa na kiatu cha fedha. Mbele ya sanamu iliwaka mishumaa, na mishumaa ile ilikuwa na wenyewe: wasichana walikuwa na sanduku lao, vijana wanaume lao. Tena kanisa lilikuwa na kondoo! Kondoo wa Bikira Maria, kondoo wa Sidwell, walichungwa pamoja na kondoo wa nyumbani, na sufu yao iliuzwa kwa faida ya kanisa. Mtu mmoja aliacha hata nyuki kwa ajili ya taa.

Mwaka 1534 mwizi alipanda kwa ngazi, akapita katika dirisha la mnara, akaiba kalisi na kiatu cha Sidwell. Vijana na wasichana wakachanga, wakanunua kalisi nyingine bila kuidai parokia hata senti moja. Padri aliandika jambo hilo katika daftari, naona kwa furaha.

Yeye naye alikuwa na hamu yake: mavazi meusi ya Misa za wafu. Aliweka pesa kidogo kidogo, karibu miaka 20, akayapata mwaka 1547. Maskini, mwaka ule ule mfalme Henry VIII alikufa, akatawala mwanawe Edward, mtoto wa miaka 9, na wakubwa waliomzunguka hawakutaka tena mambo ya Kikatoliki. Mwaka 1548 sanamu ziliondolewa, mishumaa ikazimwa, kondoo wa kanisa wakaisha. Mavazi yakagawanywa katika nyumba za watu. Mwaka 1549, kilipoletwa kitabu kipya cha sala, watu wa Devon waliasi. Morebath ilitoa vijana watano, ikawapa silaha na pesa za njia. Maasi yale yalizimwa kwa damu nyingi.

Mwaka 1553 Mary, malkia Mkatoliki, akapata ufalme. Hapo watu wa Morebath wakaanza kurudi kanisani na vitu mikononi: huyu sura ya Maria, huyu ya Yoane, huyu kipande cha mbao iliyochongwa. Kumbe walivificha!

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Mwaka 1996, vita ilipofika kwetu, nilikuwa mtoto wa miaka sita. Bibi yangu alichukua kitambaa cha altare, akakitia ndani ya mfuko wa unga, akakilalia miezi mingi. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini tunabeba mfuko usiopikwa. Alinijibu tu: «Huu si wetu.»

Morebath haikukaa na furaha siku nyingi. Tangu 1558, chini ya malkia Elizabeth, vitu vikaondolewa mara ya pili, na meza ya mbao ikawekwa mahali pa altare. Padri Trychay hakuondoka. Wengine watamwita mwoga, na mimi siwezi kuusifu ushirika wake na mambo mapya. Lakini aliwabatiza wote pale, akawazika wazazi wao. Aliendelea kuandika.

Dominika iliyopita, baada ya sala, nilisoma daftari letu kwa sauti, tangu mabati hata mayai. Mzee mmoja alisimama akasema nimesahau kuku wake. Ni kweli, nilikuwa nimemsahau.