Siku Tatu Nyakabiga: Ufa Mdogo Katika Gari Kuukuu

Msafiri atokaye Kigoma kwenda Bujumbura kwa njia ya Manyovu huwa na Ziwa Tanganyika mkono wake wa kushoto kwa saa nyingi. Hupita Nyanza-Lac, kisha Rumonge yenye michikichi mingi, hata aingie katika mji ambao wakati wa ukoloni uliitwa Usumbura. Wageni wengi huishia ufukweni au katika maduka ya katikati ya mji. Leo nawaomba wasomaji tupande kidogo kuelekea upande wa milima, tufike Nyakabiga.

Nyakabiga ni mtaa wa watu wa hali ya kati: walimu, makarani, wauguzi na wachuuzi. Chuo Kikuu cha Burundi kina majengo yake karibu, huko Mutanga, na kwa sababu hiyo vyumba vingi vya kupanga hukaliwa na wanafunzi. Upande wa kaskazini unapita mto Ntahangwa, ambao nyakati za masika humega kingo zake na kutishia nyumba zilizojengwa karibu. Nyumbani watu husema Kirundi, shuleni Kifaransa, lakini penye kununua, kuuza au kutengeneza kitu, Kiswahili husikika mara moja.

Mwenyeji wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Uani mwake limeegeshwa gari ambalo watoto wa jirani hawachoki kulitazama: Toyota Celica ya mwaka 1994, gari la spoti la milango miwili. Jina la Celica si geni katika Afrika Mashariki. Liling'ara katika mashindano ya Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda akiendesha gari la jina hilo hilo. Lakini hili la mwenyeji wangu halishindani na mtu. Kazi yake ni kupeleka watoto watatu shuleni kila asubuhi, kisha kumfikisha mwalimu kazini.

Kwa muda wa majuma kadhaa gari hilo lilikuwa na mlio. Asubuhi, injini ikiwa baridi, lilitoa sauti ya ta-ta-ta kama cherehani. Baada ya dakika chache sauti ilipungua. Mchomeleaji mmoja wa jirani alilitazama, akasema ni ufa katika manifodi ya moshi, naye angeuziba kabla ya jua kuchwa kwa malipo madogo. Mwenyeji wangu alikuwa tayari kukubali. Mkewe ndiye aliyesisitiza aitwe kwanza fundi wao wa zamani, mzee mmoja wa Buyenzi.

Yafaa nieleze kifaa hicho. Manifodi ya moshi ni chuma kizito kilichofungwa ubavuni mwa kichwa cha injini. Hupokea moshi wa moto kutoka kila silinda na kuuingiza katika bomba moja linalokwenda nyuma ya gari. Hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma cha namna hiyo huvumilia joto kali, lakini hakipindiki. Kila siku hupata moto na kutanuka, hupoa na kunywea. Baada ya miaka mingi hushindwa, hupasuka. Ufa ukiwa baridi huwa wazi na kulia. Chuma kikipata moto hutanuka na ufa hujibana. Ndiyo maana sauti hupungua na mwenye gari hudhani ugonjwa umepona.

Mzee alifika asubuhi na mapema, injini ikiwa haijawashwa. Akafungua kifuniko, akaondoa bati la kuzuia joto lililo mbele, upande wa rejeta, akaonyesha kwa kidole mstari mweusi wa masizi. Ufa ulikuwa mrefu kuliko kidole chake. Kisha akamgeukia mama mwenye nyumba, akauliza swali ambalo hakuna aliyelitazamia: "Mama, watoto huumwa kichwa wakiwa ndani ya gari?"

Mama akanyamaza kidogo. Akasema kwamba yule mdogo hulalamika kichwa karibu kila asubuhi, na mara mbili alitapika mlangoni pa shule. Walidhani ni ugonjwa wa kawaida wa safari.

"Basi gari hili halitoki hapa leo," alisema mzee.

Ndugu wasomaji, ndani ya moshi wa petroli imo hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa pumzi ingawa mtu anavuta hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Mwisho wake unaweza kuwa kifo. Moshi unaotoka mbele, chini ya kifuniko cha injini, huweza kuvutwa ndani kupitia matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo, hasa gari linaposimama katika foleni. Zaidi ya hayo, ufa huvuta hewa ya nje na kukidanganya kifaa kinachopima oksijeni katika moshi. Injini huongezewa petroli bila sababu. Katika mji ambao miaka ya karibuni umeteswa na uhaba wa petroli, hiyo nayo si hasara ndogo.

Mwenyeji wangu aliuliza kama ufa hauwezi kuchomelewa. Mzee alijibu kwamba unaweza, lakini chuma cha kusubu hakichomelewi kwa haraka. Hupashwa moto polepole chote, huchomelewa kwa vijiti vyake maalumu, kisha huachwa kipoe taratibu. Kikichomelewa kikiwa baridi, hupasuka tena pembeni mwa kiraka. "Kazi hiyo ningeifanya kwa lori la mchanga," alisema. "Si kwa gari la watoto."

Tukaenda Buyenzi kutafuta manifodi. Injini ya Celica hiyo ni 3S-FE, ambayo Toyota iliitia pia katika Corona, Caldina na RAV4. Kwa hiyo spea za mtumba hazikuwa haba. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili na mafundi: barabara zake huitwa kwa namba, na gereji zimepangana ukingoni.

Njiani mwenyeji wangu alinikumbusha kwamba njia ile haikuwa wazi daima. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mitaa ya mji iligawanyika kikabila, na Machi 1995 mauaji yakafika Bwiza na Buyenzi. Kuvuka kutoka mtaa hadi mtaa kulikuwa kuhatarisha roho. Mazungumzo ya Arusha, yaliyosimamiwa na Mwalimu Julius Nyerere na baada yake Nelson Mandela, yalizaa mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2015 Nyakabiga ilisikia tena milio ya risasi. "Baba yangu na mzee huyu hawakuonana miaka mitatu," aliniambia. "Walipokutana tena, mzee aliuliza kwanza hali yetu, kisha hali ya gari."

Mzee alikataa manifodi mbili kwa kuzigonga na spana: zilitoa sauti ya chungu kilichopasuka. Ya tatu ililia kama kengele. Aliiweka juu ya kioo kuona kama uso wake umenyooka, akampa mkerezaji ausawazishe. Nati za zamani zilimwagiwa mafuta ya kutu na kuachwa usiku kucha, ili boliti zisikatike ndani ya kichwa cha injini. Kesho yake manifodi ilifungwa kwa gasketi mpya, nati zikikazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa zamu. Injini ikawashwa, ikapata moto, ikaachwa ipoe, nati zikakaguliwa tena.

Siku ya tatu watoto walikwenda shuleni. Yule mdogo alirudi mchana akidai chakula.

Wenzetu wa vikosini na majumbani, mnaoendesha magari ya umri mkubwa, sikilizeni injini asubuhi ikiwa baridi. Mkisikia mlio, au abiria wakiumwa kichwa, fungueni madirisha, simamisheni gari, mteremke, na mtafute fundi anayejua kazi. Akiwaambia kwamba kazi ya bei nafuu haifai, msimwone mkaidi. Mlipeni, na mshike njia ya kwake.