Jipu Lisiloonekana

Jipu la kawaida lina adabu. Linatokea kwenye ngozi, linavimba, linaiva, kila mtu analiona. Lile lililomshika mdogo wangu lilijificha ndani kabisa ya msuli wa paja, na kwa karibu wiki mbili hakuna aliyelijua.

Ana miaka 22, ni kiungo wa timu ya mtaa. Alikuwa amepigwa teke kwenye mechi, kwa hivyo maumivu yalipoanza yalikuwa na maelezo tayari. Kocha akasema msuli umevutika. Jirani akaleta mafuta ya kuchua. Homa ilipoingia, kliniki moja ikasema malaria, halafu taifodi, ile ndoa ya majibu tunayoijua sote Nairobi. Wakati huo paja lilikuwa gumu kama ubao, na ngozi juu yake safi, bila hata mkwaruzo.

Hospitalini, daktari alilibonyeza, akauliza, "Ni siku ya ngapi?", akaagiza altrasaundi. Kwenye skrini tukaona doa jeusi katikati ya msuli. Akaingiza sindano nene, ikarudi imejaa usaha.

Ugonjwa unaitwa payomayositisi. Daktari wa upasuaji Mjerumani, Julius Scriba, aliueleza mwaka 1885, na kwa miaka mingi ukajulikana kama ugonjwa wa nchi za joto. Mara nyingi unaletwa na bakteria aitwaye stafilokokasi aureasi, ambaye karibu mtu mmoja kati ya watatu anambeba puani bila kuumwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki ki puani. Msuli wenye afya humkataa. Lakini ukigongwa na damu ikavilia ndani, bakteria anayepita kwenye damu anaweza kupata pa kukaa.

Mwanzoni kuna maumivu na ugumu tu. Usaha haujakusanyika, na antibayotiki peke yake zinaweza kutosha. Kati ya siku ya 10 na ya 21 hivi, usaha unajaa, na hapo ndipo wagonjwa wengi hufika hospitali. Ukizidi kungoja, maambukizi yanasambaa kwenye damu, na watu hufa.

Kisha daktari akataja kipimo cha sukari na cha virusi vya Ukimwi. Mama akasimama.

"Daktari, huyu ameumia mpira."

"Najua, mama. Ugonjwa huu unashika hata vijana wenye nguvu. Lakini unapenda zaidi mwili ambao kinga yake imepungua. Lazima nijue ninapigana na nini."

Mama hakujibu. Niliona anahesabu kichwani kila msichana aliyewahi kukanyaga kwetu. Mdogo wangu, jasho likimtoka, akasema, "Mathe, tulia. Wacha wapime."

Wakapima. Majibu ni yake, siyaandiki hapa. Ninachoandika ni kwamba paja lingepasuliwa vilevile, na usaha ungetoka vilevile.

Walimpasua usiku huo, wakaacha mrija wa kutolea uchafu uliobaki. Usaha ulipelekwa maabara kuoteshwa, ili dawa ichaguliwe kwa ushahidi, kwa sababu kuna stafilokokasi wasioogopa tena dawa za kawaida. Wake alikuwa bado anaogopa. Akapewa flukloksasilini kwa mshipa, baadaye vidonge, kwa wiki kadhaa. Siku ya tatu homa ilishuka. Kila asubuhi muuguzi alibadilisha gozi, na yeye aling'ata kona ya blanketi asipige kelele. Mama alikuwa pale kila mara, amemshika mguu ule mwingine, bila kuuliza tena chochote.

Amerudi uwanjani. Wageni wakiona kovu hudhani alidungwa kisu, naye hawakatalii. Lakini msee yeyote akilalamika paja baada ya mechi, anamfuata pembeni na kumuuliza mambo mawili: "Una homa? Ni siku ya ngapi?"