Kisu Nilichomnyima Baba

Kisu chenyewe ni kidogo. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila anayekiona hulisema, na aghalabu hulisema kwa masikitiko, kwa maana nimekwisha kumwambia kwamba ni kisu cha wawindaji wa Norwei, naye alitarajia kitu cha kutisha. Bapa lake lina urefu wa sentimita 10 tu. Mpini ni wa mti, hauna nakshi. Ala ni ya ngozi iliyoshonwa kwa nyuma. Mimi pia nilipokiona mara ya kwanza nilidhani ni kisu cha kumenyea viazi.

Nilikwenda Norwei mwaka 1986 kusomea misitu katika chuo cha kilimo kilichoko Ås, kusini ya Oslo. Miaka ile Wanorwei walikuwa wakisaidia elimu ya misitu pale Morogoro, na baadhi yetu tulipata bahati ya kwenda kwao kuendelea na masomo. Majani yalipoanza kupukutika, mwanafunzi mwenzangu alinialika nyumbani kwao katika bonde la Østerdalen, mashariki ya nchi, karibu na mpaka wa Uswidi. Baba yake alikuwa na shamba dogo na sehemu ya msitu. Nilimwita Mzee, kwa Kiswahili, kwa sababu sikuweza kumwita mtu wa umri wa baba yangu kwa jina lake kama walivyofanya wengine. Mwanawe alipomweleza maana yake alicheka, kisha akalizoea.

Ulikuwa msimu wa kuwinda elg. Huyu ni mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa karibu sawa na pofu wetu, mwenye miguu mirefu na pua iliyoinama. Hawindwi ovyo. Kila eneo hupangiwa idadi, na wawindaji hutoka kwa vikundi. Asubuhi ya siku ya pili dume mmoja aliangushwa, nasi tulioachwa nyuma tukaitwa kusaidia. Nilijua kazi hiyo, au nilidhani naijua. Baba yangu ndiye aliyekuwa akitegemewa mtaani kwetu Tanga kila Idi Kubwa kuchinja na kuchuna ng'ombe, nami tangu utoto kazi yangu ilikuwa kumshikia miguu. Kwa hiyo nilisimama nikingoja yatolewe mapanga na mashoka.

Hayakutolewa. Mzee alichomoa kile kisu kidogo kiunoni, akapiga goti, akapasua tumbo huku makali yakiwa yameelekea juu na vidole viwili vikiilinda ncha isitoboe utumbo. Kazi iliyofuata ilichukua muda mrefu, lakini sikuona akitumia nguvu. Pale kwenye viungo hakukata mfupa. Aliutafuta mwanya kwa ncha, akakata kano, na mguu ukaachia. Mara mbili alitoa mfukoni kijiwe cha kunolea, akapitisha kisu juu yake mara chache, akaendelea. Nyama yenyewe sikuila, kwa sababu za dini yangu. Mzee hakuniuliza kitu. Jioni nilikuta nimekaangiwa samaki.

Usiku ule nilikiomba nikitazame, na ndipo nilipoanza kukielewa. Bapa lilikuwa la tabaka tatu. Katikati kuna feleji ngumu, na kila upande imefunikwa kwa chuma laini zaidi. Feleji ngumu hushika makali muda mrefu, lakini ikiwa peke yake ni rahisi kuvunjika na ni kazi ngumu kuinoa. Chuma laini huibeba na kuilinda. Wahunzi wa zamani walifanya hivyo pia kwa sababu ya umaskini, maana feleji nzuri ilikuwa adimu, wakaiweka kidogo pale tu inapohitajika. Tena kuna namna ya mnoro wake. Kuanzia kama katikati ya bapa, pande zote mbili huteremka moja kwa moja hadi kwenye makali, bila mteremko mwingine mdogo mwishoni kama ilivyo kwenye visu vingi vya madukani. Unaulaza mteremko ule mpana juu ya jiwe, nao wenyewe unakufundisha pembe ya kunolea. Mtoto anaweza kukinoa sawasawa. Na huko watoto wanapewa visu mapema sana, wachonge vijiti chini ya jicho la mkubwa. Kisu cha namna hii wanakiita tollekniv, yaani kisu cha kuchongea.

Mpini ndio ulionipendeza zaidi mimi mtu wa misitu. Ulikuwa wa mti wa birchi, ila ile birchi ambayo nyuzi zake zimejipinda na kuchanganyikana wakati wa kukua. Katika hesabu za mbao, mti kama huo ni kasoro. Haupasuki vizuri, haunyooki. Wachonga mipini wanautafuta kama dhahabu kwa sababu hiyo hiyo ya kutopasuka. Msuka wa kisu umepita ndani ya mpini, hivyo mkono haugusi chuma, jambo ambalo sikuliona kuwa na maana mpaka nilipofika Januari na kushika kitasa cha chuma nje bila glavu. Ala nayo ni ndefu. Inameza kisu pamoja na nusu ya mpini, na kinakaa humo bila kifungo.

Baadaye nilijifunza kwamba visu hivi vina viwanda vyake vya siku nyingi. Brusletto wa Geilo, kijiji cha milimani, walianza mwaka 1896. Helle walianza mwaka 1932 huko Holmedal, magharibi, ndugu wawili katika nchi ya fjordi. Cha Mzee hakikutoka kiwandani. Kilifuliwa na mhunzi wa bonde lile aliyekwisha kufariki. Lakini ukiviweka pamoja, cha kiwandani na cha mhunzi, cha zamani na cha jana, utaona ni ndugu. Umbo halikubadilishwa kwa sababu hakuna aliyepata sababu ya kulibadilisha. Nami nadhani hiyo ndiyo siri ya mapenzi ya watu kwa visu hivi, kuliko sifa za feleji. Nchini kwao kwenyewe sheria inakataza kutembea na kisu mahali pa watu wengi bila sababu ya maana, na kazi na uwindaji vinahesabiwa kuwa sababu ya maana. Mwezi Mei, siku ya taifa, wapo wanaume wanaovaa mavazi ya asili na kisu kiunoni, wala hakuna anayeshtuka.

Nilipokaribia kurudi, mwaka 1988, Mzee alinipa kile kisu. Kwanza alinyoosha mkono akadai sarafu. Ukimpa rafiki kisu bure, alisema, kitakata urafiki, sharti akinunue. Nikampa krone moja. Aliitia mfukoni kwa makini kana kwamba ndiyo bei.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Idi Kubwa ya mwaka ule nilikuwa nyumbani Tanga. Baba alikuwa na kisu chake cha kuchunia, kilichofuliwa kwa springi ya gari, kimenolewa miaka mingi mpaka kimebaki chembamba kama jani la muwa. Nilimwonyesha changu kwa kujisifu. Alikigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya makali, akaupima mpini kiganjani. Akasema, "Aliyetengeneza hiki amepata kuchuna." Akachunia ng'ombe mzima siku ile, na watu wakasimama kumtazama. Jioni alikiosha mwenyewe, akakifuta, akasema, "Mwanangu, niachie hiki."

Nikamjibu, "Baba, hiki ni cha kumbukumbu. Nitakununulia kingine."

Akasema, "Haya." Akakirudisha alani, akanipa kwa mkono wa kulia. Hakukitaja tena. Kingine sikukinunua, kila mwaka nilikuwa na udhuru. Mimi nilikifunga ndani ya kasha kabatini, ndani ya ala yake, nikikionyesha kwa wageni mara moja moja, kisha hata hiyo nikaacha.

Baba alifariki mwaka 1997. Katika kupanga vitu vya nyumba nilifungua kasha. Ala ilikuwa imeota ukungu, na kisu kilikataa kutoka. Nilipokivuta kilikuja na sauti ya mchanga. Hewa ya Tanga ina chumvi, na ngozi hunywa unyevu ikaukumbatia chuma. Kisu cha namna hii hakihifadhiwi ndani ya ala, jambo ambalo Mzee hakuniambia kwa sababu hakufikiria kwamba kuna mtu angekiweka miaka tisa bila kukitumia. Kisu cha springi ya gari kilikuwa kimening'inia jikoni kwa mama, cheusi, hakina kutu hata chembe.

Nilikaa na jiwe na mafuta ya nazi jioni tatu. Makali yalirudi. Ile feleji ya katikati ilikuwa salama, na kilinyoa manyoya ya mkono kama zamani. Lakini mashavu ya bapa yamebaki na vishimo vyeusi ambavyo huwezi kuvitoa bila kulimaliza bapa lenyewe.

Kazi ya Baba mtaani sasa inafanywa na mtoto wa mdogo wangu. Idi iliyopita nilimpa kisu hicho achunie. Jioni alinirudishia kikiwa kimeoshwa, nikamwambia abaki nacho, ila anipe sarafu. Alidhani ninatania. Nilipokazania, akatafuta mfukoni akapata shilingi 200, akanipa, huku akikigeuza kisu kwenye mwanga wa mlangoni.

"Ba'mkubwa," akauliza, "hivi vishimo ni vya nini?"

Nikamvutia kigoda, nikamwambia akae.